Mkulima Hakupiga Simu

Mpendwa Dada Jerono,

Nimekutumia ujumbe mara tano ndani ya siku nane, na zote tano umezisoma. Najua umezisoma kwa sababu zile alama mbili zimegeuka buluu, na mara ya tatu simu ilinionyesha kwamba unaandika, unaandika, kisha ukaacha. Nilikaa nimeikodolea macho mpaka ugali ukashika sufuria. Kwa hivyo leo Jumapili nimeamua kuandika kwa kalamu. Nikimaliza nitaibandika barua hii kwenye ubao wa matangazo pale ofisini, kisha nitaipiga picha niitume kwenye grupu ya kazi, ambayo naona bado hujatoka. Utakasirika. Kasirika tu, Dada. Ukikasirika angalau utasema kitu.

Ninachotaka kwako ni sentensi moja. Jumatano kamati ya chama chetu cha maziwa inakaa kuzungumzia kifo cha ng'ombe wa Mzee Mwangi wa Kiplombe. Ng'ombe huyo alikufa siku kumi na mbili zilizopita, saa chache baada ya kuzaa. Meneja ameniagiza niandike taarifa ya ofisi, na maneno ameshanipa, kazi yangu ni kuyachapa tu: "Mkulima hakupiga simu." Anataka iwe fupi hivyo ili isiwe na maswali.

Haina uongo hata chembe, na ndiyo maana inanikera hivi. Mzee kweli hakupiga. Hakupiga kwa sababu wewe ulimwambia asipige. Wewe unajua, yeye anajua, na sasa mimi najua kwa sababu nilikwenda kumuuliza. Lakini mimi sikuwepo mlipokubaliana, na kamati itasema mzee aliyefiwa na ng'ombe anajitetea. Andika tu kwamba ni wewe uliyemwambia akae asubiri simu yako. Usipoandika, atasimamishwa mbele ya wakulima wenzake aambiwe uzembe wake ndio uliomuua mnyama, na kwa jinsi nilivyomwona, atavua kofia yake akubali.

Sasa nikueleze kwa nini nimekasirika namna hii, maana kama ungekuwa mtu mwingine ningenyamaza.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza? Nilikuja na stashahada yangu ya mawasiliano ndani ya bahasha ya plastiki, nikapewa meza ya pili, wewe ukiwa meza ya kwanza karibu na dirisha. Kazi ulinieleza kwa dakika moja: mkulima anapiga kusema mnyama wake ni mgonjwa, sisi tunapokea, tunamtuma daktari wa mifugo, tunahakikisha amefika. Nikakuambia, kwa maringo ambayo hadi leo yananitia haya, kwamba hayo ndiyo niliyosomea. Nikachukua karatasi nikakuchorea. Huyu mtumaji, huyu mpokeaji, katikati ujumbe, mshale wa kwenda, na mshale mdogo wa kurudi unaoitwa mrejesho. Uliitazama ile karatasi kwa heshima kabisa, kisha ukaweka kidole juu ya mpokeaji.

"Na huyu sasa ameshika nini?"

"Ameshika nini vipi?"

"Kwa mkono, Nekesa. Anakamua, ama ako juu ya pikipiki, ama amebeba mtoto? Huyu mtu wako hana mikono."

Nilicheka nikidhani ni utani wa kumpokea mgeni. Wiki mbili baadaye nilimpigia Daktari Wafula nikampa maboma matatu ya kule Soy kwa mkupuo mmoja, akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, akafika boma moja. Nilikuja kwako nimefura, nikisema nimefanya kazi yangu na yeye ndiye hakusikiliza. Hukunikemea. Uliniuliza tu alikuwa ameshika nini nilipokuwa nikimwambia. Alikuwa ameshika usukani wa pikipiki, kwenye barabara ya matope, na mvua inamchapa usoni. Nilijua hivyo wakati wote nikiongea, maana nilikuwa nikiusikia upepo kwenye simu.

Kuanzia hapo ukanipa ile sheria yako, ambayo hakuna mwalimu wangu wa chuo aliyewahi kuitaja. Ukishamwambia mtu jambo, hujamwambia mpaka alirudishe kwako kwa mdomo wake mwenyewe. "Nirudishie," ulikuwa unasema, na madaktari walikuwa wakiichukia hiyo sauti yako. Wafula aliwahi kukufokea, "Jerono, unanifanya mtoto wa nasari?" Ukamjibu kwa upole, "Hapana Daktari, nalinda ng'ombe wa watu." Akarudisha, jina la mkulima, boma, alama ya njiani, dalili, kila kitu. Alirudisha akinuna lakini alirudisha.

Na salamu je? Mimi nilitaka kuzikata. Niliona wakulima wanamaliza dakika nzima wakiuliza habari ya nyumbani, habari ya kazi, habari ya mvua, huku laini imejaa. Nikaanza kupokea simu kwa "Shida ni gani?" Mama mmoja wa Turbo akanijibu ng'ombe hali majani, basi, nikaandika hivyo nikamtuma daktari. Wewe ukampigia mama huyo baadaye, ukamuuliza watoto wameamkaje, mahindi yamefika wapi, na katikati ya mahindi akakuambia kwamba jirani yake alikuwa ameshamdunga huyo ng'ombe dawa asiyoijua. Daktari alikuwa nusu ya njia na dawa ambayo ingegongana na hiyo. Ulimpigia akasimama. Halafu ukarudi kwenye chai yako kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hukuwa malaika, nisije nikakupamba kana kwamba nakusomea risala. Ulikuwa na kiburi chako. Memo za meneja ulikuwa ukizisoma kwa sauti ya redio, "Wafanyakazi wote mnaarifiwa kwamba kwa kuzingatia hali iliyopo," kisha unanigeukia, "Nekesa, hali gani? Iliyopo wapi?" Tulicheka tukafuta machozi kwa mikono ya sweta. Lakini hakuna mtu katika jengo lile aliyekuwa anasikika kama wewe. Hata ukienda kula ulikuwa ukikabidhi meza. Unasimama mlangoni na mkoba wako: "Soy daktari yuko njiani, Turbo bado hatujapata mtu, yule wa ndama anapiga tena saa nane." Kwa sahani ya githeri, Dada. Kwa dakika ishirini.

Kwa hivyo niambie mtu wa namna hiyo anakwendaje Kanada bila kukabidhi.

Jumatano ile ya mwisho wako ofisini ulikaa mpaka saa kumi na moja jioni ukipanga droo zako. Ulifuta hata kioo cha dirisha. Nikakutania kwamba unaenda likizo ya wiki moja lakini unasafisha kama mtu anayeposwa. Ulisema unaenda Soy kumsaidia mama yako kuvuna mahindi. Uliniachia kikombe chako, ukasema kwako nyumbani viko vingi. Nilikiosha nikakiweka rafuni bila kufikiri lolote, mjinga mimi.

Wiki iliyofuata, siku ya Jumatano, nikafungua status za watu nikakuta wewe, koti kubwa mpaka magotini, theluji imejaa nyuma yako, na maneno mawili ya kumshukuru Mungu. Ofisi nzima ilipiga kelele. Hata Meneja alitoka chumbani kwake. Nilifurahi, nisikudanganye, nililia kwa furaha mbele ya wakulima waliokuwa kwenye foleni. Na nilielewa. Huku kwetu mtu hasemi anasafiri mpaka ndege imetua. Binamu yangu alitangaza, tukamfanyia hadi maombi na kuchinja mbuzi, kisha viza ikakataliwa, na mpaka leo akipita watu wanamuuliza ndege yake imekwama wapi. Kila mtu Eldoret ana binamu kama huyo. Anayefaulu ni yule aliyeficha. Kwa hiyo sikulaumu kwa kuficha safari.

Ninakulaumu kwa Mzee Mwangi. Safari ilikuwa yako, uifiche uwezavyo. Ng'ombe alikuwa wa Mzee.

Mkewe Mzee, Mama Wanjiku, amenieleza yote. Msimu uliopita ng'ombe huyo alizaa akaanguka, ule ugonjwa wa mwili kuishiwa nguvu baada ya kuzaa, ambao asipopata dripu ya kalsiamu haraka hainuki tena. Mzee alipiga ofisini mara tatu akakuta laini imejaa, kama ilivyo kila asubuhi. Ng'ombe aliponea chupuchupu. Wewe ukaliona hilo, na kwa sababu wewe ni wewe, ukatafuta dawa yake. Mara hii alipokaribia kuzaa ukamwambia Mzee asihangaike na laini. Ungempigia mwenyewe kila siku saa moja asubuhi, kabla watu hawajaamka kupiga, umuulize mnyama ameamkaje. Ukampigia wiki tatu mfululizo. Mimi nafika saa mbili, sikuwahi kusikia. Na kwenye daftari la kaunta hukuandika, maana daftari ni la simu zinazoingia, na hizo zako zilikuwa zinatoka. Ukamweka Mzee kichwani mwako, kisha ukakipandisha kichwa hicho ndege.

Nilipofika hapo kwenye masimulizi yake nilitamani kupiga meza, ila ilikuwa meza ya watu.

Ungeweza kuniambia bila kusema neno moja la Kanada. "Nekesa, nikiwa Soy, mpigie Mzee Mwangi saa moja." Hayo tu. Nimejaribu kuelewa kwa nini hukusema. Labda ulisahau kwa wasiwasi wa safari. Labda ulidhani atazaa baada ya mtu mwingine kuchukua meza yako. Lakini usiku wa tatu wa kuwaza haya nikakumbuka mambo ya Daktari Wafula, na hapo hasira yangu ikageuka ikanitazama mimi.

Mwaka juzi Wafula aliniambia kwa siri kwamba ameomba kazi kwingine. Saa nne nilikwenda kunywa chai kwenye duka la Abdi hapo ng'ambo ya barabara, nikasema. Sikusema kwa ubaya, nilisema kwa sababu ilikuwa habari tamu na chai ilikuwa moto. Kufikia jioni Meneja alikuwa amemwita Wafula na kumfungia mlango. Hukunigombeza hata siku ile. Ulisema tu, "Mdogo wangu, wewe mdomo wako hauna breki," tukacheka, na mimi nikadhani yameisha. Sasa naona hayakuisha. Tangu siku hiyo ulikuwa ukinipa kazi yote lakini hukunipa jambo lako lolote. Ungeniachia Mzee ningeuliza kwa nini, unaenda wiki moja tu, na kwa nini humpigii mwenyewe kutoka Soy, na ningekutazama usoni nikajua. Ningejua saa tatu, na kufikia saa nne Abdi angejua.

Kama ndivyo, basi nakubali hilo kosa ni langu na linauma. Chuo kilinifundisha kusema kwa ufasaha, kwa ufupi, kwa kumtazama mtu machoni. Kama kulikuwa na somo la kunyamaza na jambo la mtu, basi siku hiyo nilikuwa nimetoroka darasa.

Na bado sijamaliza makosa yangu. Jumatatu, siku moja kabla ng'ombe hajazaa, kulikuja ujumbe kwenye simu ya ofisi kutoka namba nisiyoijua: "Jerono amerudi kazini?" Nilikuwa nimebana simu nyingine begani, mkulima wa Soy ananisomea namba ya hereni ya ng'ombe. Nikaandika "Bado" nikatuma. Neno moja. Sikuuliza wewe ni nani, sikuuliza unamtakia nini, wala sikusema mimi ni Nekesa, naweza kusaidia. Nilijibu swali nikajiona mchapakazi. Ilikuwa namba ya Mama Wanjiku. Aliniletea mlango wazi na mimi nikaufunga kwa herufi nne, na Meneja hajui hilo, hakuna anayejua ila mimi, mama huyo na mumewe, na sasa wewe na kila atakayesimama kwenye ubao.

Jumanne ng'ombe alizaa alfajiri. Saa kumi na moja na nusu akaanguka. Mzee alikaa na simu mkononi akisubiri saa moja ifike. Ilifika, ikapita. Saa mbili akatoka kwa miguu kutafuta mtu kwenye duka la dawa za mifugo pale Kiplombe, na yule mtu alipofika bomani saa tano ilikuwa imepita na ng'ombe ameshakufa. Nilimuuliza Mzee kwa nini hakupiga tu ofisini, hata kama laini imejaa, ajaribu. Nilimuuliza kwa ukali kidogo, Mungu anisamehe.

"Jerono alisema atapiga," akaniambia. "Sasa mimi nikipiga huko kwenu, watu watauliza, kwani huyu Jerono hafanyi kazi? Sikutaka kumharibia."

Alikuwa anakulinda, Dada. Ng'ombe amelala chini, na yeye anafikiria kazi yako.

Alhamisi yake Mzee alikuja ofisini. Alivaa koti jeusi na kofia ameishika mkononi. Aliniuliza kama Meneja yuko. Nilikuwa kwenye simu, nikamwonyesha mlango kwa kidole. Habari za ng'ombe zilikuwa zimeshamfikia Meneja kupitia kwa Wafula, kwa hiyo Mzee hakumaliza hata salamu. Nilisikia kupitia ukuta: "Mzee, mimi nimeangalia daftari. Wewe hukupiga simu. Chama hakiwezi kujua kitu hakijaambiwa. Utaratibu uko wazi." Aliendelea hivyo dakika kumi. Mzee hakuulizwa ameleta nini. Alitoka, akaniinamishia kichwa, akaenda zake. Nilitaka kumwita. Laini ilikuwa inalia, nikapokea laini.

Siku hiyo hiyo Meneja akaniletea ile sentensi yake. Nilimwambia tungemsikiliza mkulima kwanza. Akasema, "Nekesa, wewe andika chenye kiko kwa daftari." Ndiyo maana Jumamosi nikaenda Kiplombe, bila kumwambia mtu, na safari hii mdomo niliufunga. Niliporudi na kumweleza Meneja, hakushangaa. Alisema kama ni lazima mtu alaumiwe, basi awe wewe, kwa sababu uko mbali na hutajibu. Nilimkatalia hapo hapo, nikasema utajibu. Nilimwambia kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa, kwamba Jerono mimi namjua. Siku hiyo ndipo nilipokutumia ujumbe wa kwanza.

Siku nane, Dada.

Labda unaogopa kwamba ukiniandikia nitapiga picha maneno yako niyasambaze mji mzima. Una haki ya kuogopa. Ndiyo maana nimetangulia kuyasambaza yangu. Kila kitu kibaya kilicho kwenye barua hii kuhusu mimi kitasomwa na watu wanaonunua maandazi karibu na mimi, na Meneja atakisoma kwanza kwa sababu anafika mapema. Najua pia unasema, ona huyu, hata sasa hajabadilika, ameniweka hadharani. Ningekuacha faraghani kama faraghani ungejibu. Wewe uko salama huko, hakuna wa kukufukuza kazi. Nasikia ni shule unayosoma, nakuombea uimalize. Mzee hana Kanada ya kwenda.

Taarifa nimeshaiandika. Sikuandika sentensi ya Meneja. Nimeandika kwamba mfanyakazi wa ofisi alimwagiza mkulima asipige. Kwamba mfanyakazi huyo aliondoka bila kumkabidhi mkulima huyo kwa mtu. Kwamba familia iliuliza kwa ujumbe siku moja kabla, na mimi Nekesa nikajibu neno moja bila kuuliza zaidi. Kwamba mkulima alipokuja hakusikilizwa. Nimeweka ujumbe wa Mama Wanjiku na jibu langu kama vilivyo, na saa zake. Jumatano nitaisoma kwa mdomo wangu. Huenda Alhamisi meza ya pili ikawa na mtu mwingine. Nimeogopa. Hata hivyo nitaisoma, iwe umejibu au hujajibu. Ukijibu wataiamini. Usipojibu itakuwa ni mimi na Mzee, watu wawili waliokosa, tukisema mambo yanayofanana.

Kuna jambo moja nimelibeba tangu Jumamosi ile bila kulisema kwa mtu. Nilipokuwa naaga, Mama Wanjiku akinifungia viazi kwenye mfuko, nilimuuliza Mzee ile Alhamisi alikuja ofisini kudai nini, maana Meneja hakumwacha aseme. Mzee akamtazama mkewe, kisha akatazama chini.

"Sikuja kudai. Ng'ombe ni ng'ombe."

Akasema wiki tatu nzima hukuwahi kukosa, hata asubuhi ile ya mvua ya mawe. Kisha siku zikapita bila simu. Na walipouliza ofisini wakajibiwa neno moja, kama wanavyojibu watu wakiwa na msiba wasiotaka kuutangaza kwa simu. Hakuona sababu nyingine ambayo ingekufanya usipige hata Jumanne ile.

"Mimi nilijua amekufa. Nilikuja kuuliza mazishi ni lini."

Nilimwambia uko hai. Nilimwambia uko Kanada, una koti kubwa, unasoma. Alishukuru Mungu kwa Kikuyu, mkewe naye akaitikia, na wote wawili walifurahi kweli, niliwaona. Halafu akaizungusha ile kofia mkononi, akaniuliza:

"Na huko ameenda, simu iko?"

Nimekuachia wewe umjibu.

Nakutakia baridi unayoiweza, na afya,

Mdogo wako wa meza ya pili,
Nekesa